SOMO LA KOMPYUTA: Kutoka Vighala vya Idara hadi Ghala Moja la Data



Muhula uliopita, wiki moja kabla ya mitihani, dada mmoja wa darasa letu hakuliona jina lake kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani. Karo alikuwa amemaliza kulipa na risiti zote anazo. Shida ilikuwa hii: mwaka wa pili alihama kozi, kutoka Takwimu kwenda Kompyuta, akapewa namba mpya ya usajili. Ofisi ya usajili ikamjua kwa namba mpya. Ofisi ya fedha ikaendelea kupokea malipo yake kwa namba ya zamani. Maktaba ilimjua kwa namba ya kadi yake. Kila ofisi ilikuwa na ripoti yake nzuri, yenye rangi na michoro. Orodha ya mtihani ilipotengenezwa kwa kuziunganisha ripoti hizo, dada yetu akawa watu wawili: mmoja amesajiliwa lakini hajalipa, mwingine amelipa lakini hajasajiliwa.

Alizunguka ofisini siku tatu. Mtihani wa kwanza aliingia na barua yenye muhuri mkononi, kichwa kimechoka, daftari hajaligusa.

Katika kisa hiki hakuna aliyeiba, wala sidhani kuna aliyekuwa mzembe. Kila idara ilifanya kazi yake. Kosa lilikuwa katika mpango: ripoti zilijengwa moja moja, bila mtu kuuliza zitakutana vipi. Nimechagua somo hili kwa sababu wengi wetu tunaosoma kompyuta, takwimu, uhasibu au afya, ndio tutakaotumwa kesho kujenga ripoti kama hizo. Tujifunze sasa ili asije mtu akakosa haki yake kwa ajili ya jedwali tulilolitengeneza sisi.

1. Ghala na kighala

Mfumo wa kazi za kila siku, kama ule wa kupokea karo, umetengenezwa kuandika: malipo yameingia, risiti itoke, mtu anayefuata asogee dirishani. Haukutengenezwa kujibu swali kama, "Katika miaka mitano iliyopita, ni wanafunzi wa kozi gani hulipa kwa kuchelewa, na je, hao ndio wanaofeli?" Swali hilo linahitaji data ya ofisi zaidi ya moja, tena ya miaka mingi. Kwa hiyo data hunakiliwa kutoka mifumo ya kazi, husafishwa, na kuwekwa mahali pengine palipopangwa kwa ajili ya maswali. Mahali hapo ndipo panaitwa ghala la data.

Ghala dogo linalohusu shughuli moja au idara moja, walimu wetu huliita data mati. Hapa nitaliita kighala. Maktaba inaweza kuwa na kighala chake, fedha chake, na mabweni chake.

Swali la somo letu ni hili: je, tuanze na ghala kubwa au na vighala?

Wataalamu wawili wa Marekani ndio wanaotajwa zaidi katika mjadala huu. Bill Inmon, katika kitabu chake Building the Data Warehouse cha mwaka 1992, alishikilia kwamba ghala la taasisi nzima ndilo msingi. Data yote iunganishwe hapo kwanza, katika majedwali yasiyorudiarudia habari, kisha vighala vya idara vichote kutoka humo. Ralph Kimball, katika The Data Warehouse Toolkit cha mwaka 1996, alieleza njia nyingine: jenga shughuli moja baada ya nyingine, lakini kila unachojenga kifuate mpango mmoja wa pamoja. Kwa njia hii, jumla ya vighala ndiyo ghala lenyewe.

Kila njia ina gharama yake. Ya Inmon hudai muda na pesa nyingi kabla mtumiaji hajaona ripoti ya kwanza, lakini huipa taasisi kituo kimoja imara. Ya Kimball huleta matunda mapema, lakini huharibika vibaya pale watu wanapochukua nusu yake tu: wakajenga vighala haraka na kuuacha mpango wa pamoja. Hapo unapata kile kilichompata dada yetu. Vyuo na mashirika mengi ya kwetu hayana bajeti ya kujenga kila kitu kwa mkupuo, kwa hiyo tutaifuata njia ya pili, tukiwa waangalifu.

2. Matukio na maelezo

Kighala kimoja kina aina mbili za majedwali.

La kwanza ni jedwali la matukio. Hili huandika kilichotokea na kiasi chake: malipo ya shilingi 300,000, kitabu kimoja kimeazimwa, alama 64 zimepatikana. La pili ni jedwali la maelezo. Hili hueleza tukio hilo lilimhusu nani, lini, wapi na kitu gani: mwanafunzi, tarehe, kozi, kitabu, chumba.

Ukichora karatasini, jedwali la matukio hukaa katikati na majedwali ya maelezo hulizunguka, likafanana na nyota. Mchoro huo wataalamu huuita nyota kweli. Sifa yake kubwa ni kwamba hata asiyejua kompyuta huuelewa. Mhasibu akiuona atakwambia mara moja, "Hapa umesahau njia ya malipo, wengine hulipa kwa simu na wengine benki."

3. Anza na punje

Kabla ya kuandika safu hata moja, jibu swali hili kwa sentensi moja: mstari mmoja wa jedwali la matukio ni nini hasa? Jibu hilo ndilo punje ya jedwali.

"Mstari mmoja ni malipo mamoja yaliyopokelewa" ni punje iliyo wazi. "Mstari mmoja ni jumla ya malipo ya mwanafunzi kwa muhula" nayo ni wazi, ila ni nyingine kabisa. Kosa la kawaida ni kuzichanganya mbili hizo katika jedwali moja. Ukijumlisha, utahesabu pesa ileile mara mbili.

Ushauri ni kuchagua punje ndogo kabisa inayopatikana. Kutoka malipo mojamoja unaweza kupata jumla ya muhula wakati wowote. Kutoka jumla ya muhula huwezi kurudi ukajua nani alilipa tarehe gani. Unga hauwi mahindi tena.

4. Majedwali ya maelezo ya pamoja

Hapa ndipo moyo wa somo ulipo. Vighala viwili vinaweza kuzungumza ikiwa tu vinatumia majedwali ya maelezo yaleyale, yenye funguo zilezile na maana zilezile. Maktaba ikiwa na jedwali lake la mwanafunzi, na fedha nayo ikawa na lake, hamna ghala hapo. Mna visiwa viwili visivyo na mashua.

Kwa hiyo jedwali la mwanafunzi litengenezwe mara moja, likubaliwe na wote, na kila kighala kinachozaliwa baadaye kilitumie. Vivyo hivyo tarehe na kozi. Kimball alipendekeza tuanze na karatasi moja tu: upande wa kushoto uorodheshe shughuli za taasisi, juu uorodheshe maelezo, kisha utie alama panapokutana. Kwa chuo, karatasi hiyo ingetoka hivi:

Usajili wa masomo: tarehe, mwanafunzi, kozi, somo.
Malipo ya karo: tarehe, mwanafunzi, kozi, njia ya malipo.
Kuazima vitabu: tarehe, mwanafunzi, kozi, kitabu.
Kupangiwa bweni: tarehe, mwanafunzi, chumba.
Matokeo ya mtihani: tarehe, mwanafunzi, kozi, somo.

Tazama vizuri. Tarehe na mwanafunzi wamo kila mahali, kozi imo karibu kila mahali. Hayo ndiyo ya kukubaliana kwanza, hata kama mwaka huu mna pesa ya kujenga kighala cha karo peke yake. Mwakani mkijenga cha maktaba, mtakuta nusu ya kazi imeshafanyika, na vitaungana siku ileile kitakapokamilika.

Tuchukue jedwali la tarehe kama mfano, maana wengi hulidharau. Kila mstari ni siku moja. Mbali na siku, mwezi na mwaka, tia humo muhula, wiki ya masomo, kama ni siku ya mtihani, na kama ni sikukuu. Tia pia tarehe ya Hijria. Kwa nini? Maktaba ikitaka kujua saa za kufungua wakati wa Ramadhani, haiwezi kuuliza "mwezi wa tatu", kwa sababu Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida. Ukiwa na safu ya mwezi wa Hijria, swali hilo linajibika kwa miaka yote kwa mstari mmoja wa amri. Na kwa kuwa safu hiyo imo katika jedwali la pamoja, mgahawa na mabweni nao wataitumia bila kuongeza chochote. Kumbuka tu kuisahihisha pale mwezi unapoandama tofauti na hesabu ya kalenda.

5. Mtu mmoja, namba nyingi

Sasa turudi kwa dada yetu. Namba ya usajili hubadilika mtu akihama kozi. Namba ya kadi hubadilika kadi ikipotea. Namba ya simu tusiiseme. Jina je? Katika chuo chochote cha kwetu utakuta akina Fatuma Hassan watatu, na Muhammad mmoja ameandikwa Mohamed huku na Muhamadi kule. Jina peke yake lisitumike kuunganisha data hata siku moja.

Dawa ina sehemu mbili.

Kwanza, kila mtu apewe namba ya kudumu ya ghala, isiyo na maana yoyote nje ya ghala. Tuseme dada yetu ni 880. Kisha kuwe na jedwali la ulinganisho linalosema: namba ya zamani ya usajili ni 880, namba mpya ni 880, kadi ya maktaba ni 880. Kila data inapoingia ghalani hupitia jedwali hilo. Isiyopata mwenyewe isitupwe wala isibahatishwe. Iwekwe pembeni, na mtu mwenye jina na wajibu aitazame kila siku. Laiti malipo yale ya dada yetu yangewekwa pembeni yakatazamwa, tatizo lingejulikana wiki nane kabla ya mtihani.

Pili, tuamue la kufanya na mabadiliko. Zipo njia tatu zinazofundishwa sana:

Njia ya kwanza: futa ya zamani, andika mpya. Inafaa kusahihisha makosa, kwa mfano jina lililoandikwa vibaya.

Njia ya pili: acha mstari wa zamani, ongeza mstari mpya wenye ufunguo wake, na uandike kila mmoja ulianza na kuisha lini. Dada yetu atakuwa na mstari wenye ufunguo 5001 kwa kozi ya Takwimu, na mstari wenye ufunguo 7342 kwa kozi ya Kompyuta. Yote miwili inabeba namba ya kudumu 880. Malipo ya mwaka wa kwanza yanaelekea 5001, ya mwaka wa pili 7342, na historia inabaki kweli.

Njia ya tatu: ongeza safu ya "kozi ya awali" katika mstari uleule. Inafaa pale mnapotaka kulinganisha hali mbili tu, ya jana na ya leo.

Kwa kuhama kozi, njia ya pili ndiyo salama. Ila angalia mtego wake: ukihesabu wanafunzi kwa kuhesabu mistari, dada yetu atahesabiwa wawili. Hesabu namba za kudumu.

6. Jinsi ya kuuliza swali la vighala viwili

Mtego mwingine umewaangusha hata waliohitimu. Mkuu anataka ripoti moja: kila mwanafunzi, jumla ya karo aliyolipa, na idadi ya vitabu alivyoazima. Kijana anachukua jedwali la malipo na jedwali la vitabu, anayaunganisha moja kwa moja kwa ufunguo wa mwanafunzi, anajumlisha.

Tuseme mwanafunzi alilipa mara 3: shilingi 400,000, 300,000 na 200,000. Jumla ni 900,000. Tena aliazima vitabu 5. Ukiunganisha moja kwa moja, kila malipo yatakutana na kila kitabu, utapata mistari 15. Jumla ya karo itasomeka shilingi 4,500,000, na vitabu 15. Kompyuta haitalalamika, na ripoti itaonekana safi.

Njia sahihi ni hatua mbili. Jumlisha malipo kwa kila mwanafunzi peke yake, jumlisha vitabu kwa kila mwanafunzi peke yake, halafu ndipo uyakutanishe majibu hayo mawili kwa namba ya kudumu. Utapata 900,000 na 5. Hatua hiyo ya mwisho inawezekana kwa sababu vighala vyote viwili vinatumia jedwali moja la mwanafunzi. Bila hilo, hakuna ufundi wa amri utakaokuokoa.

Jihadhari pia na hesabu zisizojumlishika. Malipo ya Januari na ya Februari hujumlishwa. Salio la deni la Januari na la Februari halijumlishwi. Mtu anayedaiwa 100,000 mwezi huu na bado anadaiwa 100,000 mwezi ujao, hadaiwi 200,000.

7. Mfano ulio karibu nasi

Asidhani mtu kuwa haya ni ya makampuni ya Ulaya na Marekani tu. Mfumo wa DHIS2, unaokusanya takwimu za afya katika nchi nyingi zikiwemo Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda, umesimama juu ya wazo hilihili. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Baada ya ubaguzi wa rangi kuisha mwaka 1994, idara za afya zilizokuwa zimegawanywa zilihitaji takwimu zinazolinganishika. Chuo Kikuu cha Oslo kimekuwa kitovu cha kuuendeleza.

Katika mfumo huo kila tarakimu hubeba majibu matatu: ni nini, ni wapi, ni lini. Orodha ya vituo vya afya ni moja, na vipindi ni vilevile. Mradi wa malaria na mradi wa chanjo wakitumia orodha hiyo moja, daktari wa wilaya anaweza kuziweka takwimu zao pamoja kwenye ramani moja. Kila mradi ungekuja na orodha yake ya vituo, kituo kimoja kingeitwa majina matatu, na asiyepata dawa asingejulikana ni wa wapi.

8. Sehemu ngumu ni watu

Majedwali unaweza kuyachora kwa alasiri moja. Kukubaliana kunachukua miezi. Uliza ofisi tatu, "Mwanafunzi ni nani?" Usajili watasema ni aliyejiandikisha muhula huu. Fedha watasema ni mwenye akaunti. Maktaba watasema ni mwenye kadi hai, hata kama alihitimu mwaka jana. Wote wana haki, kwa kazi zao. Basi kaeni, mwandike maana moja ya neno, na zile nyingine mzipe majina yake: "aliyesajiliwa", "mwenye akaunti", "mwenye kadi". Maana hizo ziandikwe, zitiwe saini na mkuu mwenye uwezo wa kuamua, na mtu mmoja akabidhiwe kuzilinda.

Na tusisahau kwamba data ya watu ni amana. Ukiunganisha karo, alama na chumba anacholala mtu, umeshika siri zake nyingi kwa mkono mmoja. Uganda na Kenya zote mbili zilitunga sheria ya kulinda data binafsi mwaka 2019, na Rwanda mwaka 2021. Anayehitaji jumla apewe jumla, asipewe majina.

Zoezi

Kabla hujafungua kompyuta, chukua karatasi na jumuiya yetu wenyewe. Tuna daftari la wanachama, daftari la michango, daftari la mahudhurio ya darsa, na orodha ya vitabu vya maktaba yetu ndogo.

(a) Andika punje ya kila daftari kwa sentensi moja.
(b) Chora karatasi ya shughuli na maelezo, utie alama panapokutana.
(c) Taja majedwali mawili ya maelezo ambayo lazima yawe ya pamoja tangu siku ya kwanza.
(d) Mwanachama akihitimu akabaki mchangiaji, utatumia njia ipi kati ya zile tatu, na kwa nini?

Lete majibu yako kwenye kikao chetu cha wanafunzi wa kompyuta. Tutakaoanza nalo ni daftari la michango, maana ndilo tunaloulizwa zaidi. Lakini jedwali la mwanachama tutalitengeneza kana kwamba madaftari yote manne yako njiani, kwa sababu kweli yako njiani.

Wabillahi tawfiq.